Fulana za Rangi Saba

Marekani haina jeshi moja linalorusha ndege za kivita, ina kadhaa. Jeshi la Anga ndilo lililobeba jina, lakini Jeshi la Majini, Jeshi la Nchi Kavu na Kikosi cha Marine nao wana marubani wao, mafundi wao na mila zao, na Walinzi wa Pwani vilevile wana ndege zao. Mpangilio huu haukutoka kichwani mwa mtu mmoja. Ulizaliwa na ugomvi. Jeshi la Anga lilipojitenga na Jeshi la Nchi Kavu mwezi Septemba 1947, wakubwa walianza kuvutana, huyu anataka ndege, yule anataka jukumu, mpaka Waziri wa Ulinzi James Forrestal akawakusanya Key West, Florida, Machi 1948, wagawane. Mvutano haukuishia hapo. Mwaka 1966 Jeshi la Nchi Kavu lilikubali kuachia ndege zake za uchukuzi za Caribou, nalo likaachiwa helikopta zake bila kusumbuliwa.

Ukiutazama mpangilio huo kwenye karatasi unaona gharama tu: vyuo mbalimbali, maghala mbalimbali, majenerali na maadmirali wa kumwaga. Wanaolalamika wana haki yao. Lakini ukitaka kuona nchi hiyo inavyoweza kupanga watu, iache karatasi, upande juu ya sitaha ya manowari ya kubeba ndege.

Manowari ya aina ya Nimitz ina urefu wa mita 330 na ushei. Kwa rubani anayekuja kutua usiku, hicho ni kipande cha chuma kinachoyumba baharini. Juu yake kuna ndege zinazowaka injini, mabomu yanayosukumwa kwa mikono, mipira ya mafuta, mapangaboi yanayozunguka, na vijana ambao wengi wao hawajafika miaka 25. Kelele ni kubwa kiasi kwamba maneno hayana kazi, kwa hiyo watu huzungumza kwa mikono, na kila mtu huvaa kazi yake. Wenye fulana za njano huongoza ndege zinapotembea. Za buluu ni za wanaotia kabari magurudumuni, kufunga minyororo na kuendesha matrekta. Zambarau ni mafuta, nyekundu ni silaha na uokoaji wa ajali, nyeupe ni usalama na tiba. Kijani ni za mitambo ya kurushia na kunasia ndege, pamoja na mafundi wa matengenezo. Kahawia huvaliwa na wasimamizi wa ndege, kila mmoja na ndege yake.

Kinachonivutia hapa kimejificha. Watu hawa hawatoki nyumba moja. Wa njano, wa buluu na wa zambarau ni wenyeji wa meli. Wa kahawia, na wekundu wengi wanaofunga mabomu, wamekuja na vikosi vya ndege, na vikosi hivyo makao yake ni nchi kavu, Lemoore huko California au Oceana huko Virginia. Huwa kama vikosi tisa katika safari moja, na vinaweza kuchanganya majeshi: mwaka 2022 kikosi cha Marine kilisafiri na ndege zake za F-35C ndani ya Abraham Lincoln, manowari ya Jeshi la Majini. Nahodha wa meli na kamanda wa ndege zote wana cheo sawa, na wote wawili wanawajibika kwa admirali mmoja. Mahali pengine mpango wa namna hiyo ungezaa majungu kila asubuhi. Hapa fulana imemaliza ubishi, maana haiulizi wewe ni wa nani. Inasema unafanya nini.

Tazama ndege moja inavyorushwa. Wa njano anaisogeza taratibu hadi gurudumu la mbele likae sawasawa kwenye manati ya mvuke. Wa kijani anainua kibao chenye tarakimu: uzito wa ndege, pamoja na mafuta na silaha zake. Rubani anasoma, anaashiria kukubali, na mtambo unawekwa kwa uzito huohuo. Mvuke ukipungua, ndege inaishia majini. Ukizidi, unaweza kuvunja mguu wa mbele. Ikifyatuliwa, katika sekunde mbili tatu inapita kilomita 250 kwa saa. Kazi yote hiyo imebebwa na tarakimu zilizosomwa na macho kadhaa, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kukisia.

Na chini ya mnara, ndani ya chumba kidogo, kuna meza ambayo ningependa kusimama kando yake siku nzima. Ni mchoro wa sitaha, na juu yake vipande vilivyokatwa kwa umbo la ndege. Ofisa wa kupanga ndege huvisogeza kama mzee anayecheza bao, akijua tangu sasa nafasi ipi itahitajika baada ya saa moja. Juu ya kila kipande anaweka nati, pini au kitu kingine kidogo: hii inasubiri mafuta, ile ni mbovu, ile inapangwa kurushwa. Kompyuta zipo. Ila meza hiyo haizimiki umeme ukikatika, na anayeingia mlangoni huiona hali nzima ya sitaha kwa mara moja.

Sisahau kazi yenyewe ni ya nini. Mabomu yale huangukia watu, na wakati mwingine huwageukia wenyewe. Tarehe 29 Julai 1967, karibu na Vietnam, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya juu ya manowari iliyopewa jina la yule Forrestal. Bomu la kwanza kulipuka kwenye moto liliua wengi wa wazima moto waliofunzwa, na mabaharia wasio na mafunzo hayo wakashika mipira ya maji. Walikufa watu 134. Tangu hapo kila baharia, wa rangi yoyote, hufundishwa kuzima moto.

Kutua ndiko kunakopimwa hadharani. Rubani anashuka akilenga nyaya za chuma zilizotandazwa kwa upana, kulabu ya mkiani inase mmojawapo, na magurudumu yakigusa tu anaongeza nguvu ya injini hadi mwisho, ili kulabu ikikosa aweze kupaa tena. Pembeni wanasimama wenye fulana nyeupe, marubani wenzake, wakimtazama na kuandika. Baadaye wanamfuata chumbani kumwambia alama yake, kisha inabandikwa ukutani kwa rangi: kijani kwa aliyetua vizuri, njano kwa wa wastani, nyingine kwa waliofanya vibaya zaidi. Kila anayepita anasoma. Kamanda wa ndege zote naye, akiruka, jina lake liko kwenye ubao huo, na wanaompa alama ni vijana walio chini yake.