Heko KEMI, Mlezi wa Walimu Wakuu
Mwalimu mkuu wa shule ya umma pale Mumbuni, Machakos, hashiki chaki tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya katibu wa bodi ya shule; hesabu za fedha, ununuzi na takwimu za wanafunzi zinamsubiri mezani. Chuo cha ualimu hakikumwandaa kwa hayo yote.

Hapo ndipo KEMI, Taasisi ya Usimamizi wa Elimu ya Kenya, inapostahili pongezi. Taasisi hiyo ilianza 1981 ikiitwa KESI, na tangu hapo inawafunza wakuu wa shule sera, sheria na usimamizi.

Mafunzo hayo yanahitajika zaidi sasa: Januari 2023 gredi ya 7 ilipowekwa katika shule za msingi, walimu wakuu wengi walibebeshwa sekondari msingi juu ya majukumu ya awali. Serikali iiongezee KEMI fedha, ili mafunzo yatangulie waraka wa kila badiliko kama hilo.