Mabeki wawili waliobadili msimu wa Ranieri

Claudio Ranieri alipokabidhiwa Leicester City Julai 2015, mashabiki wengi walikunja uso. Miezi minane nyuma Ugiriki ilikuwa imemfuta kazi baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Mtangulizi wake, Nigel Pearson, ndiye aliyeinusuru timu isishuke daraja kwa kushinda mechi saba kati ya tisa za mwisho. Kampuni za kubashiri zikamweka Ranieri miongoni mwa makocha watakaotimuliwa mapema.

Kocha wa namna hiyo huwa na haraka ya kuonyesha kwamba amefika. Ranieri hakufanya hivyo. Aliwabakiza wasaidizi aliowakuta, Craig Shakespeare na Steve Walsh, na alipoona wachezaji wanaogopa mbinu nyingi za Kiitaliano, akapunguza maelezo. Alichogusa ni umbo: mabeki watatu wa kati wa Pearson wakaondoka, ikaja 4-4-2.

Wengi wanaikumbuka 4-4-2 ile kwa mbio za Jamie Vardy tu. Mtazame Shinji Okazaki. Kwenye karatasi alikuwa mshambuliaji wa pili, lakini mpira ukipotea alirudi kumbana kiungo wa chini wa wapinzani, na Leicester wakawa watatu katikati. N'Golo Kanté, aliyetoka Caen na ambaye hata hakuanza mechi ya kwanza ya ligi, alinasa mipira mbele ya mabeki na kumpa Danny Drinkwater, ambaye alitazama mbele kwanza: pasi ndefu nyuma ya walinzi, Vardy anakimbia. Riyad Mahrez aliingia ndani kutoka kulia kwa mguu wa kushoto, huku Marc Albrighton akishika pembeni kushoto, anapiga krosi na kurudi kukaba. Umiliki wa mpira waliwaachia wengine.

Tatizo lilikuwa nyuma. Katika mechi tisa za kwanza hawakumaliza hata moja bila kufungwa, na waliruhusu mabao 17. Aston Villa, Stoke na Southampton wote walitangulia kwa 2-0, Leicester wakahangaika kurudi. Septemba 26 Arsenal wakaja King Power na kushinda 5-2. Ritchie De Laet kulia na Jeff Schlupp kushoto walikuwa mabeki wa kupanda, na mawinga mbele yao nao wanapanda. Mpira ukipotea, Wes Morgan na Robert Huth, wenye nguvu lakini wasio na kasi, walibaki na eneo kubwa la kulinda.

Mechi iliyofuata, ugenini Norwich, Ranieri alimwanzisha Danny Simpson kulia na Christian Fuchs kushoto. De Laet akapumzishwa. Schlupp akasogezwa mbele, akafunga bao hukohuko. Simpson hakuwa beki wa kupamba mchezo, ila alijua kukaa nyumbani. Mabeki wanne sasa walikaa karibu karibu, wakawaachia wapinzani pembezoni wapige krosi watakavyo, na krosi ndizo Huth na Morgan walizozitaka. Ule uzito uliowaumiza kwenye uwanja wazi ukawa silaha ndani ya boksi.

Haikukaa sawa siku ileile. Mechi iliyofuata Southampton bado walipata mabao yao mawili. Oktoba 24, dhidi ya Crystal Palace, Leicester wakashinda 1-0 na hatimaye lango likabaki salama; Ranieri alikuwa amewaahidi pizza wakifanikiwa, akawapa. Kuanzia mechi hiyo hadi mwisho, mechi 29, waliruhusu mabao 19 tu. Kati ya Machi na Aprili 2016 walishinda mechi nne mfululizo kwa 1-0.

Ratiba nayo iliwasaidia, na lazima isemwe: hawakucheza Ulaya, na vikombe vya ndani waliviaga mapema, kwa hiyo kikosi kilekile kiliweza kuanza wiki hadi wiki.

Vardy alifunga mabao 24 ya ligi na Mahrez 17, na sifa zao ni halali. Lakini hadi kipigo cha Arsenal, Leicester walikuwa wamepoteza mechi moja tu kati ya saba. Kocha aliyetabiriwa kufukuzwa angeweza kujificha nyuma ya hesabu hiyo. Yeye alibadili mabeki wake wa pembeni wiki ileile, na kwangu huo ndio uamuzi uliozaa ubingwa wa pointi 81.