Kigali: Shule Hazikupaswa Kufungwa

Mashindano ya Dunia ya Baiskeli ya Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yaliendeshwa vizuri juu ya lami na vibaya juu ya ramani. Kosa ni moja tu, na linatosha. Shule za jiji zilifungwa wiki nzima na watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, ili barabara ziwe nyeupe. Mpangaji wa mbio anayelazimika kuutoa mji ndani ya mji ndipo mbio zipite, ramani yake imemshinda.

Mbio zenyewe mliziona. Mwendeshaji Evenepoel alimpita mwenzake Pogačar njiani kwenye mbio dhidi ya saa, Pogačar akalipiza Jumapili ya mwisho kwa kuchomoka Mlima Kigali kilomita 104 zikiwa zimebaki, na kati ya 165 waliojipanga kwenye mstari wakamaliza 30. Barabara ya mawe ya Kimihurura ilifanya kazi yake ya kuwachosha. Umati ulitisha kwa uzuri. Sifa zangu zinaishia hapo.

Sasa tuisome ratiba, maana humo ndimo kosa linapoonekana wazi. Jumapili ya kwanza wakubwa walikimbia dhidi ya saa. Jumatatu na Jumanne ikawa zamu ya vijana, nao dhidi ya saa, na hata mbio yao iliyokuwa ndefu kuliko zote haikufika kilomita 35. Jumatano timu mseto. Mbio za pelotoni, yaani kundi zima kuondoka pamoja, hazikuanza hadi Alhamisi, kwa wanawake wa chini ya miaka 23, kisha Ijumaa kwa wavulana. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo mtoto haendi shule hata kama hakuna baiskeli hata moja barabarani, ndipo wakubwa walipouchukua mji. Siku tano za masomo zilitolewa kafara, na kati ya hizo mbili tu ndizo zilizokuwa na pelotoni kwenye saketi.

Mtaniambia mbio dhidi ya saa nazo hufunga barabara kwa saa nyingi, kwa kuwa waendeshaji huachiwa mmoja mmoja. Kweli. Lakini mtoto wa Rutunga au Gikomero, huko mashambani pembezoni mwa wilaya ya Gasabo, anahusikaje na kijana anayekata upepo kuelekea Kigali Convention Centre? Kama ilikuwa lazima kufunga, zingefungwa shule zilizoguswa na njia, kwa siku zilizoguswa, ikiwezekana kwa nusu siku. Agizo moja la jiji zima ni rahisi kuandika, na ndiyo maana liliandikwa.

Chanzo ni umbo la saketi. Barabara hufungwa kwa namna mbili: mfungo wa kutembea na mfungo wa kukaa. Katika mfungo wa kutembea pikipiki za polisi zinatangulia, gari la ufagio linafunga mkia, na nyuma yake barabara inarudi kwa wenyewe. Katika mfungo wa kukaa uzio unapangwa alfajiri na kubaki hapo. Saketi ya Kigali ilikuwa duara la kilomita 15.1, na wanaume wakubwa walilizunguka mara 15. Duara, tofauti na mstari, lina watu ndani na watu nje, na hili lilichorwa kwenye kitovu cha jiji, panapokutana kila safari ya asubuhi.

Hata hivyo duara lina hesabu yake. Pogačar alitumia saa 6 na dakika 21 kwa kilomita 267.5, pamoja na kipande cha Mlima Kigali nje ya duara, wastani wa kilomita 42 kwa saa, kwa hiyo mzunguko mmoja ulichukua dakika 21 na kitu. Mapema, pelotoni ikiwa bado imeshikana, waendeshaji na magari ya timu hupita kwa dakika chache, kisha lami inakaa tupu karibu robo saa. Mbio zikikatika vipandevipande, nafasi hiyo inasinyaa. Robo saa hiyo ndiyo mtaji wa mpangaji. Kwenye mbio za vijijini Flanders, zile za kuzunguka kanisa, mzee mwenye kibendera anavusha watu kati ya mzunguko na mzunguko bila agizo la waziri yeyote.

Na mwenye baiskeli yake ya kazi? Huyu ndiye ninayemtetea kila mara, na sitaacha leo. Mtembea kwa miguu atajipenyeza popote. Mwenye gari atapewa njia mbadala, azunguke kwa kukanyaga mafuta zaidi. Lakini Kigali ni vilima na mabonde. Ukimwambia mwenye baiskeli iliyobeba madumu au mkungu wa ndizi azunguke, umemwambia ateremke hadi bondeni na apande tena mlima mwingine, kwa miguu yake, mzigo ukimvuta nyuma. Njia ya kuzunguka inayomgharimu dereva dakika kumi inaweza kumla yeye asubuhi nzima. Kivuko chake kinataka upana wa kupitisha mzigo, sehemu tambarare ya kusubiri (maana baiskeli yenye shehena haisimamishwi kwenye mteremko ukaondoka nayo kirahisi), na mtu mwenye redio anayejua pelotoni iko wapi. Hayo ni mambo ya kuchorwa kwenye ramani miezi kadhaa kabla, sambamba na mahali pa kupokelea chupa za maji. Mpango unaoanza kwa kusema watu wakae nyumbani haumhitaji fundi wa vivuko.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji aliambiwa akae ndani.

Wasomaji wa safu hii wanajua kilio changu cha Dar es Salaam. Ikifungwa barabara kwa marathoni au msafara wa mkubwa, gari linapewa mchepuko, baiskeli inapewa filimbi. Nairobi nako, barabara ya juu ya Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, baiskeli hazikuruhusiwa kabisa. Nilitegemea Kigali itatufundisha, kwa sababu ndiyo iliyowahi kufanya vizuri zaidi yetu sote.

Tour du Rwanda ya enzi za Valens Ndayisenga, aliyeshinda 2014 na 2016, na ya Joseph Areruya mwaka 2017, ilipita katikati ya nchi kwa mfungo wa kutembea. Mtu alisimama kando na baiskeli yake ya mzigo, akampigia makofi kijana wa kwao, halafu akaingia barabarani akaendelea na safari. Hata hatua za Kigali zenye mizunguko zilikula siku, hazikula wiki. Tangu 2016 jiji hilohilo lina Car Free Day, Jumapili asubuhi, ambapo magari ndiyo yanayoondolewa na mwenye baiskeli ndiye anayeachiwa lami. Watu waliobuni hayo wapo. Kwa nini hawakupewa kalamu ya saketi?

Wanaoutetea uamuzi wanasema bila likizo ile watoto wasingejaa kando ya barabara. Picha zile zilikuwa nzuri, sibishi. Lakini mwalimu angeweza kulipeleka darasa zima Kimihurura Alhamisi, likaona mbio na kurudi. Kwa tangazo lililotolewa, mtoto wa jirani na saketi aliona mbio kila siku, na wa mbali alikosa shule na mbio pia.

Mashindano yajayo ni Montreal, Septemba 2026. Bingwa Merckx alishinda mashindano haya huko mwaka 1974 juu ya Mont Royal, na mlima huo bado unafungiwa mbio za Grand Prix kila mwaka, kwa hiyo wenyeji hawana kisingizio cha ugeni. Ramani ikitoka, rukeni ukurasa wa milima. Tafuteni vivuko, mhesabu vingapi baiskeli yenye mzigo inaweza kupita, na kama pembeni yake pameandikwa dakika za kuvuka.