Sukari Iliyojificha Ndani ya Mtama

Zabibu ya Dodoma hufika kwenye pipa ikiwa na sukari yake. Jua limekwishafanya kazi kubwa; mtengeneza mvinyo hukamua na kungoja, na hamira ndiyo imalizie. Mama wa Bariadi, Usukumani, anayepika pombe ya mtama hana bahati hiyo. Punje iliyo kiganjani mwake imejaa wanga, na hamira haili wanga. Sukari lazima aitengeneze mwenyewe, uani kwake, bila kipimajoto. Ndiyo maana walwa, kama Wasukuma wanavyoiita pombe, naiheshimu kuliko mvinyo wowote.

Kazi yote imo kwenye kimea. Mtama hulowekwa usiku kucha, ukaopolewa, ukatandazwa kivulini na kufunikwa kwa majani au gunia lililoloanishwa. Siku tatu, nne, mwenyewe habanduki: anaunyunyizia maji, anaugeuza kwa mkono, anaunusa. Ukikauka, hauoti tena. Ukilowa mno na kubanana, unapata joto na kuingia ukungu, na ukungu ukishaingia hakuna wa kuuokoa. Ndani ya punje, mche mchanga umeanza kutoa vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga ili upate chakula chake. Mpishi anauacha uanze, kisha anaukatiza kwa kuuanika juani. Akiwahi, kimea hakina nguvu. Akichelewa, mche umeshakula kile alichokuwa akikitafuta yeye. Kisha kimea hupukuchwa na kupepetwa ili vichipukizi na vijizizi vitoke, na hekima hiyo si ndogo, maana chipukizi la mtama lina asili ya sianidi, sumu kali.

Hata rangi ya punje ina maneno yake. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi ni mchungu, ndege huukwepa, na mkulima aliyewahi kuvamiwa na kwelea kwelea anajua thamani ya uchungu huo. Lakini tanini ileile huvifunga vimeng'enya. Kule Kigezi, Uganda, mtama wa namna hiyo huloweshwa pamoja na majivu ya kuni, na wataalamu wa chakula walipochunguza waliona kwamba kweli majivu huidhoofisha tanini. Aliyegundua jambo hilo kwanza hakuandika popote.

Halafu kuna suala la moto. Wanga wa mtama hauachii mpaka joto lifike kama nyuzi 70 za Selsiasi, lakini vimeng'enya vya kimea hustawi karibu na nyuzi 60 na hufa vikiunguzwa. Kwa hiyo unga hupikwa kwanza uwe uji mzito, uji ukaepuliwa na kuachwa upoe, ndipo kimea kilichosagwa kinapotiwa. Mkono ndio unaosema sasa. Baada ya muda mwiko unakuwa mwepesi, uji unalegea, na ukiulamba unakuta utamu ambao haukuwamo. Hiyo ndiyo togwa, na watoto huijia na vikombe. Inayobaki huachwa ichachuke: machicha ya pombe iliyopita, au chungu chenyewe kilichozoea kazi, huleta hamira. Kwa hiyo bi harusi akija na kipimo cha kimea alichofundishwa na mama yake, anakutana na chungu cha mama mkwe wake, na pombe ya kaya ile haitakuwa tena kama ya kwao wala kama ile ya zamani.

Pombe hii haiwekwi ghalani miaka. Siku chache tu na inakuwa kali kupita kiasi. Ikiiva, lazima watu waitwe, na nadhani mengi ya Usukumani yameota hapo: vijana wa kulima chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, ngoma za vyama vya Bagika na Bagalu zinazoshindana baada ya mavuno, masamva, mizimu ya ukoo, wanaotengewa sehemu yao.

Simiyu, mkoa wa Bariadi ulioundwa 2012, hutajwa kwa pamba yake, na mahindi yameshika sufuria nyingi zilizokuwa za mtama. Watafiti wetu wameleta mbegu nzuri za mtama, Tegemeo, Pato, Macia, zikasifiwa kwa mavuno na kwa unga. Mimi ningependa kila mbegu mpya, kabla haijafika dukani, ipelekwe debe moja kwa wapishi wa Bariadi, Maswa na Meatu. Wailoweke, waifunike, waigeuze siku zile tatu au nne, waionje togwa yake, na watakalosema liandikwe kwenye karatasi ileile inayoandikwa magunia kwa ekari.