Gereza Lililokuwa Kanisa

Muindonesia akisema anakwenda "gereja" siku ya Jumapili, anakwenda kusali. Mswahili akisema fulani yuko gerezani, msikilizaji anaanza kumpa pole. Maneno haya mawili yametoka tumbo moja, neno la Kireno "igreja", yaani kanisa, ambalo Kireno kililirithi kwa Kilatini, na Kilatini kililichukua kwa Wagiriki walioliita "ekklesia". Katika Athens ya kale ekklesia haikuhusu ibada hata kidogo. Ulikuwa mkutano wa raia wenye haki ya kuamua mambo ya mji wao. Mkutano wa raia, nyumba ya ibada, jela: neno moja limepita katika maana tatu zilizo mbali hivyo, na hakuna aliyekaa kitako akapanga iwe hivyo. Watu wanaofuatilia safari za namna hii na kuziweka kwenye kamusi hatuwasifu vya kutosha. Ninachokisifu zaidi katika kazi yao ni ukali wake: mtunga kamusi mwenye ustadi haliamini neno kwa sura, hata linapofanana na jingine kama pacha, mpaka mwenendo wake uthibitike.

Tuliangalie gereza kwa karibu. Asiyeijua kazi hii ataona gereza na gereja zinafanana, atasema ni ndugu, na atakuwa amebahatisha tu. Fundi hatosheki. Atauliza: z ya Kiswahili na j ya Kiindonesia zinakutana wapi kwingine? Jibu atalipata mezani. Wareno huandika "mesa" lakini hutamka z. Sisi tukasema meza, Waindonesia wakasema "meja", kwa kuwa Kimalei kilichozaa Kiindonesia hakikuwa na sauti ya z na kikaweka iliyo jirani. J ya Kireno nayo haimo katika sauti zetu; karibu nayo tulikuwa na z. Basi kilichotokea kwenye meza ndicho kilichotokea kwenye gereza, kwa kanuni ileile. Na konsonanti mbili zilizobanana katika "igreja" tumezitenganisha kwa irabu, kama tulivyoitenganisha "padre" ya Wareno tukapata padiri. Kisha kuna bendera, ambayo Mswahili na Muindonesia wanaitamka karibu sawa na wanaitumia kwa maana moja, wote wakiwa wameitoa kwenye "bandeira", ingawa maelfu ya kilomita za bahari ziko baina yao. Hapo ndipo mfanano unapogeuka kuwa ushahidi.

Inabaki maana. Kanisa limegeukaje jela? Hapa mtunga kamusi hana budi kutoka kwenye sauti na kwenda kwenye majengo. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na walianza kuijenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Kanisa lao lilikuwa ndani ya kuta za ngome, pamoja na askari na mizinga. Unguja, Waomani walijenga Ngome Kongwe pale palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ngome hiyo ikatumika kufungia watu. Kilwa Kisiwani nako kuna ngome ambayo jina lake mpaka leo ni Gereza. Kwa mwenyeji aliyesimama nje, jina la kanisa lilikuwa jina la jengo zima lenye kuta nene, na jengo lenye kuta nene, mwenye nguvu akishabadilika, hupata kazi nyingine. Neno lilibaki palepale. Waliokuwa ndani ndio waliobadilika.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana ustadi huu huonekana zaidi unapokataa kuliko unapokubali. Kisanskriti humwita simba "simha". Ndilo neno lililomo katika jina la Singapore, mji wa simba. Majahazi yamepishana kati ya India na pwani yetu kwa karne nyingi, nasi tumechukua maneno ya Kihindi kama gari. Nani asingeshawishika kusema simba wetu amevuka bahari? Lakini neno hili lina jamaa zake barani. Kizulu kina "insimba", na huyo ni kanu, mnyama mdogo mwenye madoa na mkia wa pete. Simba mwenyewe Wazulu humwita jina jingine kabisa. Neno la Kibantu lililowahusu wanyama wa jamii ya paka mwitu limepanda cheo kwetu, kusini likabaki kwa mdogo. Na jirani yao, Kishona, kina "simba" hasa, herufi kwa herufi, lakini maana yake ni nguvu, na kwa wingi husema "masimba". Anayefanana nasi kabisa si wetu, na aliyebadilika umbo na maana ndiye ndugu. Jicho peke yake lisingeweza kutuambia hivyo.

Ajabu zaidi ni ya Australia. Katika lugha ya Kimbabaram, mbwa aliitwa "dog", kama kwa Kiingereza. Mtaalamu R. M. W. Dixon aliyeichunguza hakusema wameazima. Alitazama lugha za jirani, akaona Kiyidiny kina "gudaga", akafuata hatua kwa hatua jinsi Kimbabaram kilivyozoea kukata silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho. Ni sadfa tupu, na imethibitishwa kuwa sadfa.

Wapo watakaosema uchimbaji huu una madhara kwetu, kwamba kila neno likirudishwa kwa Wareno, Waarabu na Wahindi, Kiswahili kitaonekana lugha ya kuazima. Hofu hiyo ina historia na siidharau. Lakini kazi hiihii ndiyo iliyowanyamazisha waliodai Kiswahili ni Kiarabu. Kitabu ni Kiarabu, ndiyo, ila wingi wake kwa Waarabu ni "kutub". Sisi tuliposikia "ki" mwanzoni tukaiweka kwenye ngeli yetu, tukasema vitabu, kama viti na visu. Mwenye nyumba ndiye anayeamua mgeni akae chumba gani.

Wengine watauliza faida iko wapi, ikiwa mfungwa hana haja ya kujua kuwa gereza lilikuwa kanisa. Kweli, hana. Mwenye haja ni anayesimama kati ya lugha mbili. Neno letu taarifa limetoka kwa Waarabu, ambao leo "ta'rifa" kwao ni orodha ya bei au tozo, na kwa njia ya Italia neno hilohilo likafika Uingereza likawa "tariff", maana yake ushuru wa forodha. Mfasiri anayeamini sura ataliona katika mkataba wa Kiarabu, ataandika taarifa, na mfanyabiashara wa Mombasa atatia sahihi akidhani ameahidiwa ripoti, kumbe amekubali viwango vya malipo.