Pointi za kadi na sisi wa Goma

Wenzangu, zile video za Marekani, "fungua biashara ndogo, chukua kadi ya mkopo, safiri bure", zinanyamazia mlipaji. Banki haitoi pointi mfukoni mwake: muuzaji anakatwa kila kadi ikipita kwenye mashine, na anayechelewesha deni analipa riba. Ukinunua bidhaa kwa deni ili upate pointi, riba inameza tiketi yote.

Tena hapa kwetu, M23 ilipoingia Januari 2025, banki zilifunga, uwanja wa ndege pia. Makuta ya biashara yanapita M-Pesa na Airtel Money. Kuyatoa tu unakatwa, na pointi huoni. Unayepandia ndege Kigali, jiandikishe ShebaMiles ya Ethiopian: ni bure, haiombi kadi. Njo hiyo tu nimeona inatufaa.