Mhusika wa Zamani Chini ya Kanuni Mpya

Kanuni mpya ikitangazwa, vitu vilivyozaliwa chini ya kanuni ya zamani havifi siku hiyo. Hubaki mikononi mwa watu, na watu huuliza kama bado vina haki ya kutumika. Washairi wetu wanalijua swali hili. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyojitenga na vina na mizani, na mabishano yaliyofuata yakadumu miaka mingi. Mabishano hayo yalihusu zaidi umbo la utungo. Makala haya yanakusudia kumtazama mhusika, yaani mtu wa kubuni aliyeumbwa chini ya kanuni moja kisha akatakiwa kuishi chini ya nyingine. Mfano nitautoa mahali ambapo wahakiki wa Kiswahili hawana desturi ya kutazama, nao ni mchezo wa mezani. Kisha nitaupima kwa mashujaa wetu wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu kadhaa huketi mezani. Mmoja wao huwa msimulizi, naye hueleza mahali, hatari na maneno ya watu wanaokutwa njiani. Kila mmoja wa waliosalia humwigiza mhusika wake na kusema atakalotenda. Jambo likiwa na shaka, dadu yenye nyuso 20 hutupwa ili iamue. Mhusika ana karatasi yake, na juu yake yameandikwa vipimo sita vya uwezo, navyo ni nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Tena asili yake, kazi yake na usuli wake, yaani maisha aliyoishi kabla ya hadithi kuanza. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya mtambaji wa ngano hataona ugeni mkubwa hapo, ila tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji wamepewa mashujaa wawamiliki, na mtambaji amefungwa na kitabu.

Kitabu hicho kimebadilishwa mara nyingi. Toleo la mwaka 2008 lilikwenda mbali hata mhusika wa zamani asiweze kuhamia humo bila kuumbwa upya. Toleo la mwaka 2014 lilipendwa kuliko yote yaliyotangulia, na kwa miaka kumi vikaandikwa vitabu vingi vya kuliongezea asili, kazi na usuli. Basi kampuni ya Wizards of the Coast ilipotoa kanuni zilizosahihishwa mwaka 2024, haikuthubutu kuvitupa vitabu vyote hivyo. Ilitamka kwamba vya zamani vitumike pamoja na vipya, ikaweka masharti ya uhamisho. Matawi ya kazi ambayo zamani mengine yalianza daraja la kwanza au la pili, sasa yote huanza la tatu. Mhusika mwenye asili iliyotoka kitabu cha zamani huacha nyongeza za vipimo alizopewa na asili hiyo. Mwenye usuli wa zamani huongeza kipimo kimoja kwa alama 2 na kingine kwa alama 1, au vitatu kwa alama moja moja; na usuli huo ukiwa haukumpa kipawa, huchagua kimoja.

Tuchukue mfano ili maneno haya yasielee. Katika ngano za Ulaya wamo viumbe warefu wa umri waitwao elfi. Toleo la 2014 lilikuwa na chotara wa mtu na elfi, naye alipata kwa damu yake alama 2 za haiba na alama moja moja katika vipimo vingine viwili. Kitabu cha 2024 hakimtaji chotara huyo miongoni mwa asili zake. Lakini mchezaji aliye na kitabu cha zamani ana ruhusa kumleta. Akija, huziacha alama zote nne mlangoni. Hubaki na macho yake yaonayo gizani, hubaki na kinga yake dhidi ya uchawi wa usingizi, hubaki na stadi mbili alizojifunza kwa kuishi kati ya watu wa aina mbili. Alama tatu atakazopata badala ya zile nne zitatoka katika usuli wake, yaani katika malezi na kazi.

Sharti hili ni jema, na sifai kulipita bila kulisifu. Kanuni ya zamani ilisema mtu ana nguvu au akili kwa sababu ya mbari aliyozaliwa; ya sasa imeliondoa hata neno lenyewe, ikaweka spishi mahali pake, na imesema uwezo hutokana na maisha. Sisi tuishio Kihesa, si mbali na Kalenga, tuna sababu yetu wenyewe ya kuupokea uamuzi huo. Fuvu la Mtwa Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake mwaka 1898 na kutajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lilirudishwa mwaka 1954. Gavana Edward Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa za marehemu. Vipimo vya kichwa vilipewa kazi ya kusema mtu ni nani, na wako wanaotilia shaka jibu lake hata leo. Anayejua habari hiyo hawezi kuilaumu kanuni inayokataa kumjua mtu kwa mfupa wake.

Lakini pamoja na alama za damu kuna kitu kingine kilichoondoka, na hakikuondoka kwa hoja, kilififia tu. Katika toleo la 2014 kila usuli ulikuwa na sifa moja isiyo na hesabu. Baharia aliweza kuomba chombo kimchukue yeye na wenzake bila nauli. Mtumishi wa hekalu alipokelewa na watu wa imani yake na kutibiwa kwao. Ulikuwamo pia usuli wa shujaa wa watu, mtu aliyetoka katika wanyonge akawatetea. Sifa yake ilikuwa kwamba watu wa kawaida wangempa mahali pa kulala na kujificha, na wangemkinga na wenye kumtafuta, ila hawakulazimika kufa kwa ajili yake. Tazama sasa. Katika kitabu cha 2024 baharia amepewa kipawa cha kupigana ngumi vilabuni. Mtumishi wa hekalu amepewa uganga mdogo. Mkulima amepewa ugumu wa mwili, yaani alama 2 za uhai kwa kila daraja. Shujaa wa watu hayumo kabisa. Usuli zimeongezeka kutoka 13 hadi 16, lakini kila moja sasa humwambia mchezaji kile awezacho kutenda yeye mwenyewe. Hakuna inayomwambia nani atamfungulia mlango usiku.

Wanaoitetea kanuni mpya wana jibu, nalo si dogo. Husema sifa zile hazikutumika sana. Kwamba zilitegemea hisani ya msimulizi. Kwamba baharia aliye mbali na bahari hana faida ya chombo. Na kwamba msimulizi mwema atawafanya watu wamfiche shujaa hata kama kitabu kimenyamaza. Yote hayo yana ukweli. Hata hivyo, jambo lililoandikwa katika karatasi ni haki ya mhusika, na lisiloandikwa ni fadhila ya msimulizi. Shujaa akigonga mlango akijua ana haki ya kufunguliwa, mchezo unageuka: msimulizi hana budi kumbuni mwenye nyumba, ampe jina, ampe hofu, ampe na watoto waliolala. Kutoka katika sifa moja ndogo huzaliwa kijiji kizima. Kipawa cha ngumi huzaa pigano tu.

Hapo ndipo mashujaa wetu wanapoweza kuipima kanuni hii. Mchukue Fumo Liyongo kama alivyo katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, kisha ujaribu kumwandika katika karatasi ya 2024. Kipimo cha nguvu utakiandika upesi, na haiba pia, kwa kuwa alikuwa mshairi. Lakini Liyongo hakutoka kifungoni kwa nguvu. Alitoka kwa sababu mama yake alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada akaufikisha, na watu wakacheza gungu kwa kelele hata sauti ya tupa ikatezea isisikike. Saada ataandikwa wapi? Wale wachezaji wa gungu wataandikwa wapi? Na kifo chake vilevile: mwili usioumia kwa silaha uliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, lakini sindano hiyo haikupata njia ila kwa mkono wa mwanawe. Udhaifu wa Liyongo haukuwa kitovu peke yake. Ulikuwa ni kuwa na mwana anayemwamini. Karatasi yenye vipimo itatuletea jitu. Utenzi ulitupa mtu.

Mkwawa naye ni vivyo hivyo. Vita vya Lugalo vya Agosti 1891, alipouawa Emil von Zelewski, vinaweza kuelezwa kwa lugha ya vipimo: askari wangapi, silaha zipi, ujasiri kiasi gani. Lakini Kalenga ilianguka mwezi wa Oktoba 1894, na Mkwawa aliishi hadi Julai 1898. Miaka ile karibu minne haielezeki kwa nguvu wala kwa wepesi. Aliwindwa na jeshi, kichwa chake kikatangaziwa rupia 5,000, na bado alikuwa akipata chakula na habari kwa watu. Kitabu cha 2014, kilichoandikwa na watu wasiofikiria Uhehe hata kidogo, kilikuwa na mstari mmoja ambao ungeweza kubeba miaka hiyo. Tena ukweli wetu ulikipita, maana wako waliomficha kwa kuhatarisha maisha yao. Kitabu cha 2024 hakina mstari huo.

Isidhaniwe kwamba kila uhamisho ni hasara. Ebrahim Hussein alitupa mfano wa uhamisho ulio bora alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile wa masimulizi ni mtu wa maji yenye uwezo. Jukwaa la kisasa lina kanuni nyingine, nalo humtaka mhusika ashindane na mwenziwe na nafsi yake kwa maneno. Hussein aliuacha uhakika wa maji. Alimfanya Kinjeketile ashuku neno alilolitoa mwenyewe, kisha alione limekua na kumpita. Lakini kile kilichomfunga na watu hakukiacha. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anaambiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, akifikiri watoto wa baadaye wataambiwa nini juu ya vita vya baba zao. Mhusika amepoteza uwezo wake wote, wala hakuna msomaji asemaye kwamba si yeye. Hussein alijua kipi ni mali ya kanuni na kipi ni mali ya mtu.

Kwa hiyo nahukumu hivi. Masharti ya mwaka 2024 yana haki katika kile yanachokiondoa: alama za damu zilikuwa mali ya kanuni ya zamani, na mhusika hapungukiwi na utu akiziacha. Yana upungufu katika kile yanachokiweka, kwa kuwa yamedhani kwamba usuli wa mtu ni mazoezi aliyoyafanya, nao kwa kweli ni watu aliowapata. Na uzuri wake mkubwa ni ule ambao pengine hata watungaji hawakuupa uzito: kwa kuwa ya zamani yameruhusiwa, mchezaji aweza kumchukua shujaa wa watu kutoka kitabu cha 2014, akampa alama tatu na kipawa anachostahili sasa, na bado akamwachia ile sifa ya kufichwa. Mhusika wa namna hiyo ana vyote viwili. Yeye ndiye sababu ya kutovitupa vitabu vya zamani, wala si kwa kuvionea huruma.

Neno hili linatugusa sisi wa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini kuliko tunavyodhani. Wanafunzi wetu wataandika michezo ya namna hii kwa Kiswahili, na wengine watawaleta humo Liyongo, Mkwawa na Kinjeketile. Watakuta kanuni iliyokwisha kutungwa kwingine, yenye nafasi sita za vipimo, na kishawishi kitakuwa kuzijaza nafasi hizo na kuridhika. Nawashauri waongeze mstari mmoja chini ya karatasi, kabla ya kutupa dadu ya kwanza, na waandike humo jina la mtu atakayemfungulia mhusika mlango, na jina la mtu awezaye kumsaliti. Wakiona mstari huo haujazwi, warudi kwenye utenzi au kwa wazee wa Kalenga, wakaulize tena.